Soksi Moja Moja

Desemba, ukungu wa Mafinga hauna saa.
Unaingia dirishani bila hodi
na kukaa karibu na baba, kama jirani
aliyekuja kuazima chumvi akasahau kuondoka.

Baba anafuma.
Sindano zake ni spoki nne za baiskeli ya marehemu Kihwele,
amezisugua kwenye jiwe la mlangoni
hadi ncha zikashika adabu.
Uzi ni sweta langu la darasa la sita,
la kijani, limefumuliwa kuanzia mkono wa kushoto.
Bado limejikunja kama tambi,
bado linakumbuka viwiko vyangu.

Vitanzi kumi na viwili, basi.
Soksi nzima haizidi kidole gumba,
ila ina ukosi, ina kisigino,
ina mahali pa vidole kupumulia.
Nikamwambia, kisigino cha nini, baba,
itaning'inia tu mtini.
Akavuta uzi.
"Kisigino hakidanganywi," akasema,
"hata cha mguu usiokuwepo."

Huo anaujua.
Gogo la mpaina liliporomoka kwenye lori
mwaka ambao mimi sijaota meno.
Miezi minne wodini,
na kitanda cha pili mwalimu wa ufundi kutoka Makete,
nyonga imevunjika, mdomo mzima,
akamfundisha kufuma
ili aache kuhesabu mbao za dari.
Nazo zilikuwa za mpaina.

Tangu hapo hufuma soksi moja kila kipupwe,
ya kushoto, ya sufi nene,
na kwetu hakuna anayetafuta mwenzake uvunguni.

Kisha akaja mama Semfilinge wa kwaya,
viatu mkononi, matope hadi magotini:
kanisa linataka soksi arobaini za mti wa Krismasi.
"Jozi ishirini," baba akahesabu.
"Hapana, mzee. Moja moja. Za kutundika."
Alicheka baba, alicheka
mpaka spoki ikadondoka kwenye majivu.
"Wametokea," akasema, "watu wa kipimo changu."

Akafuma usiku, akafuma mvua ikigonga bati,
akafumua tatu kwa sababu ya kosa
ambalo sisi wote hatukuliona.
Uzi wa kijani ukaisha; akaingia kwenye kofia ya mama,
nyekundu, mama yuko sokoni kuuza viazi.
Hilo lilizungumzwa baadaye, kwa sauti ya juu.

Tarehe ishirini na nne akazipeleka mwenyewe,
gongo moja, mfuko wa sukari shingoni.
Mti ulisimama kwenye ndoo ya kokoto:
mpaina mchanga, bado unavuja utomvu.
Nilitaka kusema kitu, nikakosa.
Akausogelea. Akaweka kiganja kwenye gome
kama mtu anayemsalimia mdaiwa msibani.
"Kamwene," akasema.
Kimya. Maji ya mvua yakidondoka mlangoni.
Akautazama toka juu hadi chini.
"Sindano zote hizi," akauambia,
"na hujafuma hata kimoja?"

Ndipo akaanza kutundika,
ya kwanza chini kabisa, watoto waifikie.
Waliifikia. Kufika ibada ya asubuhi
nyingi zilikuwa na karanga,
moja ina jino la mtoto wa Chengula,
na moja haikuonekana tena.

Januari waliukata kuni.
Tukaletewa vipande viwili, pamoja na boksi
la soksi thelathini na tisa.
Mpaina hauna makaa ya maana: unawaka kwa makelele,
unatema, unajaza nyumba moshi.
Baba akasogeza kigoda, akakunja suruali,
akapasha joto pale mguu unapoishia.
"Mkali huu," akasema, hata sikujua anausifu au vipi,
na mkono mwingine ukipapasa sakafuni
kutafuta spoki ya nne.